Mali Bila Daftari: Barua ya Wazi kwa Wenyeviti wa Bodi za Mashirika ya Umma

Kwa: Wenyeviti wa Bodi za Taasisi na Mashirika ya Umma, Tanzania
Nakala: Msajili wa Hazina

YAH: KUTANGAZA POSHO NA GHARAMA ZA WENYEVITI WA BODI NA WATENDAJI WAKUU

Ndugu Wenyeviti,

Ninawaandikia nikiwa na ombi moja. Kila baada ya miezi mitatu, kila taasisi ya umma itangaze, kwa jina na kwa shilingi, fedha zote ambazo mwenyekiti wake wa bodi na mtendaji wake mkuu wamelipwa kama posho, pamoja na zile zilizotumika kwa safari, malazi, chakula na takrima zao. Itangaze bila kuombwa, kwenye tovuti yake na kwenye ubao wa matangazo wa makao makuu yake, mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kusoma bila kwanza kumwandikia mtu barua na kusubiri majibu.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha kwenye uhasibu wa taasisi za umma, na sasa nimestaafu. Simshitaki mtu katika barua hii. Miongoni mwenu wapo walioacha shughuli zao za faida ili kulitumikia taifa, wapo wanaosoma makabrasha ya kikao usiku kucha kabla ya kuingia ukumbini, na wapo waliowahi kuagiza posho waliyoandikiwa irudishwe kwa kuwa hawakuona uhalali wake. Naandika kwa sababu naujua mfumo kutoka kwenye meza ambayo hati za malipo hupitia, na najua ni wapi ulipo dhaifu.

Tuangalie jinsi fedha inavyotoka. Mtumishi wa kawaida akitumwa safari, dokezo lake hupitia kwa mkuu wa idara, ambaye ana mamlaka ya kumkatalia au kumpunguzia siku. Akipewa masurufu, hana budi kuyarejesha kwa stakabadhi, tiketi na taarifa ya safari. Asiporejesha, anakatwa mshahara. Juu yake daima yupo mtu anayeweza kumuuliza: ulikwenda kufanya nini, na kwa nini siku tano badala ya tatu?

Sasa tuangalie malipo ya mwenyekiti wa bodi. Dokezo lake linaandaliwa na katibu wa bodi, ambaye ni mtumishi wa taasisi. Linaidhinishwa na mtendaji mkuu, ambaye utendaji wake unapimwa na bodi ileile. Linalipwa na mhasibu aliye chini ya mtendaji mkuu. Mkaguzi wa ndani anaweza kuhoji, lakini taarifa yake inakwenda kwenye Kamati ya Ukaguzi, yaani kwa wajumbe wa bodi wanaolipwa posho kutoka kwenye kifungu hichohicho. Ukiufuata mnyororo huu kutoka mwanzo hadi mwisho, hukuti hata mtu mmoja ambaye hana sababu ya kumwogopa au kumhitaji anayelipwa.

Kwa upande wa mtendaji mkuu, hali ni ileile ikiwa imegeuzwa. Safari zake kubwa na marupurupu yake yanapita mikononi mwenu. Yeye anapitisha yenu, ninyi mnapitisha yake. Hata pande zote mbili zikiwa na watu waadilifu kabisa, utaratibu wa namna hiyo unadai uaminifu kuliko unavyoutengenezea mazingira. Mhasibu kijana anayeona kikao kimoja kimelipiwa siku nne atamwambia nani? Akiuliza, ataonekana mkorofi. Akinyamaza, jina lake limo kwenye hati ya malipo siku mkaguzi wa nje atakapofika. Nimewaona vijana wazuri wakichagua kunyamaza, na sikuweza kuwalaumu.

Tiba ya udhaifu huu haiwezi kutoka ndani ya mnyororo wenyewe, kwa sababu kila ngazi mpya ya idhini tutakayoongeza humo itakuwa chini ya mtu yuleyule. Lazima itoke nje, na aliye nje kwa haki ni mwenye mali, yaani mwananchi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lipo, tena siku hizi ni la kielektroniki na kila malipo yana tarehe na namba. Kinachokosekana ni kulifungua mbele ya mwenye mali.

Mtasema tayari mambo mengi yanatangazwa, na ni kweli. Kila mwaka kuna siku ya gawio, ambapo taasisi na kampuni hukabidhi hundi kubwa kwa Rais mbele ya kamera. Juni 2024 zilitangazwa shilingi bilioni 637, na Juni 2025 kiasi hicho kikavuka trilioni 1. Mwananchi anaambiwa nani ametoa kiasi gani. Ni jambo jema, na Ofisi ya Msajili wa Hazina inastahili pongezi kwa kulijenga. Lakini gawio ni kile kilichobaki baada ya matumizi. Mwenye mali anayeonyeshwa masalio bila kuonyeshwa matumizi hana namna ya kujua kama masalio yale yangeweza kuwa makubwa zaidi.

Viwango vya posho za watumishi wa umma navyo vinajulikana. Mwaka 2022 Serikali ilipopandisha posho ya kujikimu kwa safari za ndani, ilitangaza hadharani kuwa kiwango cha juu kinatoka shilingi 120,000 kwenda 250,000 kwa siku, na cha chini kinatoka 80,000 kwenda 100,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipopandishwa kuanzia Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, tangazo lilitolewa uwanjani Singida, siku ya Mei Mosi, mbele ya wafanyakazi wenyewe. Mwalimu, muuguzi na dereva wa halmashauri hawana siri katika kipato chao. Jirani akitaka kujua, atajua.

Lakini kwa mwenyekiti wa bodi, mwananchi atatafuta sana. Hesabu za mwaka za taasisi zina aya inayotaja malipo ya wakurugenzi na viongozi wakuu, kwa kuwa viwango vya kimataifa vya uhasibu vinadai hivyo. Aya hiyo kwa kawaida inatoa jumla moja tu. Katika jumla hiyo kuna ada ya mwaka, posho za vikao, posho za kujikimu, tiketi, mafuta na simu za watu wengi, vyote vimechanganywa. Msomaji hawezi kujua nani alisafiri, alikwenda wapi, kwa kazi gani, na bodi ilikaa mara ngapi. Hata mimi niliyezisoma hesabu hizo kwa miaka mingi siwezi kuitegua jumla ile nikiwa nje ya ofisi.

Tuchukue kiwango cha juu cha watumishi wa Serikali, shilingi 250,000 kwa siku. Siku mbili za kiwango hicho ni sawa na mshahara wa mwezi mzima wa mtumishi wa kima cha chini. Sisemi kwamba kiwango hicho ni kikubwa mno. Hoteli ina bei yake, na mtu anayeacha kazi zake kwenda kulinda mtaji wa umma anastahili kulala pazuri na kula vizuri. Ninachosema ni kwamba kila siku inayoongezwa kwenye safari ya kiongozi ina uzito mkubwa kwa wanaoilipia, na kwa hiyo wana haki ya kuiona.

Kuna jambo jingine linalofanya posho itofautiane na mshahara, nalo ndilo kiini cha wasiwasi wangu. Mshahara ni uleule, kazi iwe nyingi au chache. Posho ya kikao inaongezeka kila kikao kinapoitishwa. Ajenda moja inaweza kugawanywa ikajadiliwa na kamati mbili kabla ya kufika kwenye bodi. Kikao cha dharura kinaweza kuitishwa kwa jambo ambalo lingesubiri kikao cha robo. Bodi ya taasisi yenye makao makuu Dodoma, yenye ukumbi wake na maji yake ya kunywa, inaweza kukaa Arusha au Bagamoyo, na siku ya kwenda na ya kurudi zikahesabiwa. Mafunzo elekezi yanaweza kuwa ziara ya nje ya nchi. Kila moja ya hayo linaweza kuwa na sababu nzuri kabisa, na linaweza kukosa. Aliye nje hawezi kutofautisha, na aliye ndani hathubutu kusema.

Nchi yetu imewahi kulikabili suala la posho, na ni vema tujifunze kutokana na yaliyotokea. Mwaka 2011 Zitto Kabwe, wakati huo akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Mashirika ya Umma, alikataa posho za vikao kwa hoja kwamba kukaa kikao ni sehemu ya kazi ambayo mtu tayari analipwa. Mjadala ukawaka nchi nzima, kisha ukapoa, na posho zikaendelea. Novemba 2015 Rais John Magufuli alizuia safari za nje zisizo na kibali, na fedha zilizopangwa kwa hafla ya wabunge zikaelekezwa kununua vitanda vya wagonjwa katika Hospitali ya Muhimbili. Machi 2016 akatangaza kuwa hakuna kiongozi wa taasisi ya umma atakayelipwa mshahara unaozidi shilingi milioni 15 kwa mwezi.

Hatua hizo ziligusa mioyo ya wananchi, na nakumbuka jinsi ofisi zilivyobadilika ndani ya wiki chache. Hata hivyo zote zilitegemea nguvu ya mtu mmoja: mbunge aliyesimama au Rais aliyeagiza. Amri hukaa muda ule anaokaa aliyeitoa. Tena ukibana mshahara peke yake, huku posho na safari haziko wazi, unaacha njia ya pembeni ambayo kipato kinaweza kupitia bila mtu kuona. Kubana matumizi bila kuyatangaza kunamlazimu mwananchi aamini kwamba yamebanwa. Kuyatangaza kunampa uwezo wa kuhakikisha mwenyewe, leo na miaka 20 ijayo, kiongozi yeyote awe madarakani.

Wengine wamepita njia hii kabla yetu. Majirani zetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, waliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo inatoa viwango kwa nyaraka ambazo raia anaweza kuzisoma. Katika hesabu za mwaka za mashirika yao ya serikali, malipo ya heshima ya mwenyekiti huonyeshwa kwa mstari wake, mbali na posho za wakurugenzi wengine. Kenya bado ina malalamiko mengi kuhusu mashirika yake, lakini Mkenya anayelalamika ana tarakimu mkononi, na mjadala wao unaanzia mahali ambapo wetu haujafika.

Mbali zaidi, jimbo la Ontario nchini Kanada lilitikisika mwaka 2009 kwa kashfa ya wakala wa serikali wa kumbukumbu za afya za kielektroniki, eHealth Ontario. Washauri waliokuwa wakilipwa maelfu ya dola kwa siku walikuwa wamedai warudishiwe hata bei ya chai na kitafunwa. Mkuu wa wakala huo aliondoka. Kabla mwaka haujaisha, Bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyompa Kamishna wa Maadili kazi ya kupitia gharama za viongozi wa wakala za serikali, na wakala kubwa zikatakiwa kuziweka gharama hizo kwenye tovuti zao. Wao walisubiri kashfa ndipo wakatunga utaratibu. Sisi tunaweza kutunga utaratibu sasa, tukiwa watulivu, bila kashfa kutusukuma.

Najua pingamizi zitakazotolewa, kwa sababu nimezisikia zote vikaoni.

Ya kwanza ni kwamba Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali tayari anakagua. Anakagua, na kazi yake ni nguzo ya nchi hii. Lakini ripoti yake inamfikia Rais mwishoni mwa Machi, miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kufungwa, kisha inapelekwa Bungeni. Inashughulika na taasisi nyingi kwa wakati mmoja, na mkaguzi anachukua sampuli, hawezi kugusa kila hati. Tena yeye anatafuta ukiukwaji wa taratibu. Bodi iliyokaa mara 14 kwa mwaka, kila kikao kikiwa na barua na saini zote, inaweza isiwe na hoja ya ukaguzi hata moja. Swali kama vikao vyote hivyo vilihitajika ni la mwenye mali, na mwenye mali hawezi kuliuliza bila kuona idadi.

Ya pili ni faragha na usalama. Hakuna anayetaka kujua chumba mtu alicholala, hali ya afya yake au ratiba ya safari ambayo haijafanyika. Taarifa za robo iliyopita hazimweki mtu hatarini. Na kwa fedha alizolipwa kwa cheo cha umma, kiongozi hawezi kudai faragha ileile anayoidai kwa fedha za shamba lake. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke hata mali zake binafsi kwa Sekretarieti ya Maadili. Kutamka posho aliyopewa na umma wenyewe ni jambo dogo kuliko hilo.

Ya tatu ni siri ya biashara. Yapo mashirika yanayoshindana sokoni, na ni sawa mikataba yao na bei zao zilindwe. Lakini mshindani atafaidika nini akijua kuwa mwenyekiti alilala siku mbili Mwanza akikagua mradi? Siri ya biashara inalinda mapato ya shirika. Ikitumika kuficha matumizi ya wakubwa wake, imeacha kazi yake.

Ya nne husemwa kwa sauti ya chini: wananchi hawataelewa, watachukia, mitandao itawaka. Huenda mara ya kwanza itakuwa hivyo. Mtu aliyefichwa jambo kwa muda mrefu hushtuka akilionyeshwa. Lakini wananchi hawa ndio wanaosoma taarifa za mapato na matumizi kwenye mikutano ya vijiji vyao, na kumhoji mwenyekiti wa kijiji kuhusu mifuko ya saruji. Wanajua tofauti kati ya safari ya kazi na matembezi. Wakipewa maelezo mafupi ya kila safari, wataelewa. Tena uvumi unaoenea sasa, wakiwa hawana tarakimu yoyote, ni mkubwa kuliko ukweli katika taasisi nyingi. Wengi wenu mnabeba sifa mbaya msiyostahili kwa sababu tu hamna pa kuonyesha usafi wenu.

Ya tano ni kwamba fedha zenyewe ni kidogo ukilinganisha na matatizo ya mashirika. Nakubali. Kwa mujibu wa ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, Kampuni ya Ndege Tanzania ilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8 katika mwaka wa fedha 2023/24, kutoka bilioni 56.6 mwaka uliotangulia. Hakuna posho iliyozaa hasara ya ukubwa huo, wala sidai kwamba ilifanya hivyo katika shirika lolote. Lakini kazi ya bodi ni kumwambia mtendaji mkuu apunguze gharama, avunje mkataba mbovu, asimamishe mradi usiolipa. Bodi inayotaka kutoa agizo hilo kwa nguvu inahitaji mamlaka ya kimaadili, na mamlaka hayo huanzia kwenye matumizi yake yenyewe. Mfanyakazi anayeambiwa safari zimesitishwa kwa ukosefu wa fedha, kisha akaona magari ya bodi yakielekea hotelini kwa kikao cha tatu ndani ya mwezi, hataliamini tena agizo lolote litakalofuata. Kiasi kidogo kinachofichwa kinadhoofisha usimamizi wa kiasi kikubwa.

Sheria, kwa upande wake, iko nasi. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Ibara ya 27 inamtwika kila mtu wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi na kupiga vita ubadhirifu. Mtu atatimizaje wajibu wa kulinda asichoonyeshwa? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa na kuitaka taasisi imjibu ndani ya siku 30. Lakini sheria hiyo, kwa namna inavyotumika, inamwachia raia mzigo wote: ajue cha kuomba, aandike, afuatilie, aonekane. Mkazi wa Namtumbo au Ukerewe hatafanya hivyo kwa zaidi ya taasisi 300 zilizo chini ya uangalizi wa Msajili. Taasisi moja ikiweka jedwali moja kwenye tovuti yake, wananchi wote wamejibiwa kwa siku moja.

Na tusingoje msukumo kutoka nje. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa Uendeshaji Shughuli za Serikali kwa Uwazi mwaka 2011, ikajitoa mwaka 2017. Hakuna anayehitaji uanachama wa jumuiya yoyote ili kubandika karatasi kwenye ubao wa ofisi yake mwenyewe.

Kwa hiyo naomba, kwa kila mwenyekiti wa bodi na kila mtendaji mkuu, taarifa ya robo mwaka yenye mambo haya:

1. Jina, cheo, na tarehe ya uteuzi wake.

2. Ada ya mwaka aliyopangiwa, na sehemu yake iliyolipwa katika robo hiyo.

3. Idadi ya vikao vya bodi na vya kamati alivyohudhuria, tarehe na mahali vilipofanyika, na posho ya kila kimoja. Kikao kilichofanyika nje ya ofisi kionyeshe sababu na gharama ya ukumbi.

4. Kila safari: alikokwenda, siku ngapi, kwa shughuli gani, gharama ya tiketi na daraja alilosafiria, posho ya kujikimu, na aliyeidhinisha.

5. Masurufu aliyopewa, tarehe aliyoyarejesha, na kiasi ambacho bado hakijarejeshwa.

6. Gharama za mafuta, simu, gari na takrima zilizolipwa kwa niaba yake.

7. Pale ambapo hakuna kilicholipwa, iandikwe hivyo kwa sifuri. Jedwali lenye sifuri nalo ni jibu.

Kwa yeyote aliyewahi kufunga hesabu za mwezi, kazi hii ni ndogo. Tarakimu zote tayari ziko kwenye mfumo wa malipo, na hati zake ziko kwenye jalada. Mhasibu mmoja ataiandaa kwa siku chache, na ya pili itakuwa rahisi kuliko ya kwanza.

Kwako Ndugu Msajili wa Hazina, ombi langu ni waraka mmoja. Toa fomu ya aina moja kwa taasisi zote, ili anayesoma ya bandari aweze kuilinganisha na ya chuo au ya mamlaka ya maji. Weka tarehe moja ya mwisho kwa wote. Kwenye tovuti ya ofisi yako, onyesha orodha ya waliotangaza na wasiotangaza. Na siku ya gawio, kiasi ilichotoa kila taasisi kinaposomwa, kisomwe pia kiasi ilichotumia kwa bodi yake. Wenyeviti na watendaji wakuu umekuwa ukikutana nao Arusha tangu mwaka 2023 kujadili ufanisi wa mashirika. Kikao kijacho kiwe na ajenda hii, na kiwe cha kwanza kutangaza gharama zake chenyewe.

Kwenu Wenyeviti, hamhitaji kusubiri waraka. Hakuna sheria niijuayo inayomzuia mwenyekiti kutangaza alicholipwa yeye mwenyewe. Mmoja wenu akianza, wa taasisi kubwa au ndogo, wa pili atapata ujasiri, na wa kumi ataona aibu kubaki nyuma. Mhasibu wenu kijana naye atapata ngao: dokezo lisilo na sababu likifika mezani kwake, atasema kwa adabu kuwa litaonekana kwenye taarifa ya robo, na aliyeliandika atalitafakari upya bila ugomvi wowote.

Mmekabidhiwa bandari, reli, umeme, maji, mifuko ya pensheni, hospitali na vyuo, vitu ambavyo wazazi wetu walivijenga kwa kodi ya kichwa, kwa pamba, katani na kahawa, na ambavyo wajukuu wetu watavihitaji. Anayekabidhiwa mali ya wengi ana deni la kueleza, hata kama hakuna aliyemshuku. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Taarifa ya robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, inaweza kuwa hadharani kabla ya mwisho wa Oktoba. Naomba itoke ndani ya muda huo, ikiwa na majina yenu na saini zenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu mstaafu,
Morogoro